Tadbiri ya Fedha za Msaada Katika Nyumba za Iguhu

Kila mara serikali au shirika la hisani linapotangaza kwamba litawapa mafakiri fedha taslimu badala ya magunia ya mahindi, mbegu au mablanketi, huzuka mashaka ya namna moja: ya kwamba mtu aliyezoea uhaba hana tadbiri, ya kwamba shilingi zitaishia penye pombe za busaa na chang'aa, na ya kwamba mwenye kutoa hana budi kumkatia shauri mwenye kupewa. Mashaka hayo ni ya kale, wala si ya kudharauliwa, maana fedha za umma ni amana, na kila mlipa kodi ana haki ya kuuliza zimefika wapi. Lakini ila yake ni kwamba yanamchungua mpokeaji na kuziacha fedha zenyewe bila kuchunguzwa, ilhali tafiti zilizofanywa katika nchi yetu ya Kenya tangu 2011 zimedhihirisha kwamba matumizi ya nyumba hufuata zaidi mambo matatu: wingi wa fedha kwa mara moja, mwezi zinaofika, na yakini ya kufika kwake.

Natwaa mfano wa Iguhu kwa sababu ufukara wa huko hautokani na ukame. Iguhu ipo katika nchi ya Waidakho, jimbo la Ikolomani, kusini ya mji wa Kakamega, juu ya vilima vya mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na Mto Yala unapita mabondeni. Mvua ni tele na ardhi huzaa, lakini watu ni wengi na mashamba yamegawanywa baba kwa mwana, kizazi baada ya kizazi, hata nyumba nyingi zimebakiwa na vipande vidogo vya mahindi na maharagwe, migomba michache, sukuma wiki, nyasi za nepia kwa ng'ombe mmoja, na kuku wa kienyeji uani. Wengine huongeza pato kwa vibarua, kwa bodaboda, au kwa kuchimba dhahabu kwa mikono, kazi iliyobaki tangu mbio za dhahabu za Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930. Katika nyumba ya namna hii taabu kubwa ni kwamba haja na pato havikutani katika mwezi mmoja.

Tuufuate mwaka wa nyumba hiyo. Januari ni mwezi wa karo na sare za shule, mara tu baada ya gharama za Krismasi, wageni wanaporudi kutoka Nairobi. Februari ni kiangazi, wakati wa kujenga na kutayarisha shamba. Masika yakianza mwezi wa Machi, mbegu na mbolea hutakiwa kwa siku chache tu, na aliyechelewa hupungukiwa mavuno hata kama angekuja na fedha nyingi wiki tatu baadaye. Kisha kutoka Aprili hata Julai ghala huwa tupu na mahindi hununuliwa sokoni kwa kipimo cha gorogoro. Shule hufunguliwa tena kwa muhula wa pili. Na mbu, waliozaliana katika vidimbwi vya bondeni baada ya mvua, huleta malaria, ugonjwa uliowafanya wanasayansi waifanye Iguhu kuwa mojawapo ya vituo vyao vya kuchunguza malaria ya nyanda za juu. Mwezi wa Agosti mahindi huvunwa, nayo nyumba yenye madeni huyauza upesi, bei ikiwa chini, ili baadaye iyanunue mahindi ya namna ile ile kwa bei ya juu. Watafiti Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel, waliofanya kazi Webuye na Matete, kaskazini ya hapo, walieleza kwamba bei ya nafaka katika masoko ya eneo hili hupanda kwa asilimia 25 hadi 40 kutoka mavuno hadi msimu wa njaa. Na wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kuweka mahindi yao na kuyauza baadaye kwa faida. Shamba lilikuwa lile lile na mkulima yule yule. Kilichobadilika ni wakati wa kupata fedha.

Sasa tuziingize fedha za msaada katika mwaka huo. Zinazojulikana zaidi ni zile za Inua Jamii, mpango wa serikali uliokusanya misaada ya mayatima, ya walemavu na ya wazee, na ambao tangu 2018 uliwafungulia mlango wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi wasiokuwa na pensheni. Kiwango chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi, aghalabu hulipwa miezi miwili pamoja, na kiwango hicho hakikubadilika kwa zaidi ya miaka 10, ilhali unga, sukari na mafuta vilipanda mara nyingi. Bibi wa Iguhu mwenye wajukuu nyumbani hahitaji kufundishwa namna ya kuzigawa fedha hizo, kwa kuwa zimekwisha kugawanyika kabla hazijafika: sehemu ni ya unga, sehemu ya sabuni na chumvi, sehemu ya dawa za presha, sehemu ya daftari, na kuku mmoja ikiwa kumebaki kitu. Na malipo yakichelewa, kama yalivyochelewa mara nyingi, bibi huyo hukopa dukani. Na siku fedha zinapoingia, mwenye duka ndiye wa kwanza kulipwa. Mtu wa nje atasema hakuna tadbiri hapa. Ukweli ni kwamba tadbiri ilikuwapo, ikaliwa na miezi ya kungoja, maana hakuna awezaye kupanga kwa fedha asizojua tarehe yake.

Tofauti na mwendo huo ni ule wa fedha nyingi zijazo kwa mkupuo mmoja. Kati ya 2011 na 2013 Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia msaada wa shirika la GiveDirectly huko Rarieda, katika Siaya, kaunti iliyopakana na Kakamega. Baadhi ya nyumba zilipewa shilingi 25,200 kwa mara moja, na nyingine kiasi hicho hicho kwa mafungu 9 ya shilingi 2,800 kwa mwezi, na waliochagua nani apate kipi hawakutazama tabia ya mtu, bali walipiga kura. Waliopokea kidogo kidogo walizidi kwa utulivu wa chakula; waliopokea kwa mkupuo walizidi kwa mali ya kudumu, na hasa mapaa ya mabati. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka kwa wale wala kwa hawa. Na wasomi wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walipokusanya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali, walikuta jambo hilo hilo: fedha za msaada kwa kawaida haziongezi ulevi, na wakati mwingine huupunguza.

Inafaa tukae kidogo penye mabati, kwa kuwa wengi huyahesabu kuwa anasa ya macho. Paa la nyasi huvuja, hutaka kuezekwa upya kila baada ya muda mfupi, na nyasi zake siku hizi ni adimu, kwa kuwa kila kipande cha ardhi kimelimwa. Hivyo mwenye paa hilo hulipa kodi ya kimya kila mwaka, kwa fedha au kwa kazi. Mwenye mabati ameondokana na gharama hiyo, hukinga maji ya mvua penye mlango wake badala ya kupanda kilima na mtungi, huweka mahindi yake pakavu, na hupata heshima ya kumpokea mkwe bila haya. Hata katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Siaya baadaye, paa la nyasi ndilo lililotumiwa kuwa alama ya kuitambua nyumba inayostahili kupewa. Basi si ajabu kwamba wapewao hutaka kwanza kuiondoa alama hiyo.

Lakini fungu dogo la kila mwezi halijahukumiwa kuishia chunguni milele. Shirika lile lile la GiveDirectly lilifanya jaribio katika vijiji 295 vya Siaya na Bomet: watu wazima wa vijiji 44 waliahidiwa takriban senti 75 za dola kwa siku kwa miaka 12, wa vijiji 80, kiasi hicho kwa miaka 2 tu, wa vijiji 71 walipewa takriban dola 500 kwa mkupuo, na vijiji vilivyosalia havikupewa kitu, ili viwe kipimo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 na Abhijit Banerjee, Tavneet Suri na wenzao yalionyesha kwamba waliopewa mkupuo na walioahidiwa miaka 12 walifungua biashara zaidi ya wale wa miaka 2, ijapokuwa wa miaka 2 na wa miaka 12 walikuwa wamepokea hadi wakati huo fedha sawasawa. Sababu mojawapo ni chama cha kuchangiana kwa zamu. Mwenye yakini ya kupokea kwa miaka mingi huthubutu kuahidi mchango wa kila mwezi, na zamu yake ifikapo huokota jumla inayotosha kununua ndama, cherehani au bidhaa za kuanzia genge. Kwa ahadi ndefu, watu wenyewe waliigeuza sura ya fedha bila kuamriwa na afisa yeyote. Wanawake wa Iguhu wanaujua mwendo huo tangu zamani, katika vyama vya mzunguko na vya matanga; wanachokosa ni yakini ya mchango.

Kakamega yenyewe imetoa funzo jingine. Kuanzia 2013, wakati wa Gavana Wycliffe Oparanya, kaunti ilianzisha msaada kwa akina mama wajawazito wenye uhitaji, uliokuja kuitwa na wengi Oparanya Care: shilingi 12,000 kwa mafungu 6 ya shilingi 2,000, kila fungu likifungamana na mahudhurio ya kliniki, kujifungua hospitalini, na chanjo za mtoto. Hapa mwenye kutoa aliweka sharti, na sharti lina hoja yake, kwa kuwa linampa mama sababu ya kutoka nyumbani na pia jibu la kumpa mume au mavyaa anayeuliza nauli ni ya nini. Hata hivyo sharti huwa jema pale tu huduma inapokuwapo. Zahanati isiyo na dawa wala mhudumu humfanya mama apoteze siku yake na fungu lake pamoja.

Kuhusu swali la nani ashike fedha nyumbani, jibu si moja kwa kila mahali. Esther Duflo alionyesha mwaka 2003 kwamba pensheni za Afrika Kusini ziliboresha afya ya wajukuu wa kike zilipopokelewa na bibi, lakini si zilipopokelewa na babu. Ilhali Rarieda hapakuonekana tofauti kubwa kati ya nyumba ambazo mume ndiye aliyepokea na zile ambazo mke ndiye aliyepokea. Katika nyumba za Waluhya kuna haja nyingine zisizoandikwa katika fomu yoyote, nazo ni matanga, ada za ukoo, na mwana anayetaka kujenga nyumba yake katika boma la baba. Afisa huziona kuwa ubadhirifu. Mwanakijiji huziona kuwa bima, maana aliyekosa kuchangia msiba wa jirani atakosa wa kumchangia.

Na jirani asiyepewa naye ana sehemu yake. Uchunguzi mkubwa wa Siaya, niliokwisha kuutaja penye habari za mapaa ya nyasi, ulihusu vijiji 653 na nyumba zaidi ya 10,500 zilizopewa takriban dola 1,000 kila moja; ikaonekana kwamba kila dola moja iliyoingia iliongeza uchumi wa mahali hapo kwa takriban dola mbili na nusu, na bei za vitu zilipanda kwa kadiri ya asilimia 0.1 tu. Fundi wa mabati, muuza mbao, mwenye kinu cha kusaga na kibarua wa shamba walipata riziki kwa fedha ambazo hazikuandikwa kwa majina yao.

Basi anayetaka kutoa afanyeje? Carolina Kansikas, Anandi Mani na Paul Niehaus waliwauliza Wakenya wa vijijini wangependa kupewa namna gani, na wengi wakachagua mafungu makubwa, na wengi wakakubali hata kungoja, mradi fedha zifike wakati zinapohitajika. Hilo ni jambo linalowezekana kutendeka Iguhu bila kuongeza shilingi moja: mzee anayetegemea fungu lake kwa unga alipwe kila mwezi, tena kwa tarehe isiyotanguka, na mwenye nguvu ya kulima au kuchuuza aulizwe mapema kama anataka za miezi kadhaa zilimbikwe hata Februari kwa ajili ya paa na mbolea, au hata Agosti ili asiyauze mahindi yake kwa hasara. Simu inayopeleka fedha inaweza pia kulipeleka swali hilo na kulirudisha jibu. Maana anayetaka kuona mabati na ng'ombe hana haki ya kutoa fedha za unga, tena azitoe mwezi wa Juni, kisha amlaumu mpokeaji kwa kuzila.