Maadili ya Biashara Hayaishii Kwenye Malezi

Kila msimu wa udahili ukifika swali huwa lile lile: "Mwalimu, chuo gani kinafundisha menejimenti ya biashara bila hayo masomo ya maadili na sosholojia? Maadili mtoto ameshayapata nyumbani." Wazazi wanauliza, wanafunzi wanauliza, hata waajiri wanaowalipia watumishi wao ada wanauliza. Nimechoka kulijibu kwa mkato.

Hii imani kwamba mtu akilelewa vizuri hawezi kuharibikia kazini, na kwamba chuo kazi yake ni kumpa mahesabu tu, haina msingi. Itazameni benki ya Wells Fargo ya Marekani. Uongozi wake ulitaka kila mteja awe na bidhaa nane za benki: akaunti ya akiba, kadi, mkopo na kadhalika. Lengo hilo likateremshwa hadi kwa wahudumu wa matawini, wakawa wanafuatiliwa kila siku, na asiyelifikia alijua kibarua kiko hatarini. Basi jioni inaingia, mhudumu hajatimiza idadi yake na wateja wameisha. Anachukua taarifa za mteja wa zamani, anamfungulia akaunti ambayo hakuiomba, anamtungia namba ya siri na anwani ya barua pepe. Kesho yake, tena. Mamlaka zilipoitoza benki hiyo faini ya dola milioni 185 mwezi Septemba 2016, akaunti zilizoshukiwa kufunguliwa hivyo zilikuwa zimepita milioni 2, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa.

Nani ataniambia benki moja iliokota watu 5,300 wasio na wazazi wa kuwafunza? Wengi wao walikuwa watu wa kawaida, wenye kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha. Kilichowaunganisha ni lengo lisilofikika kwa njia halali. Tena semina zilikuwepo: wafanyakazi waliitwa, wakaonywa wasifungue akaunti za uongo, kisha wakarudi kazini wakakuta idadi inayodaiwa ni ile ile. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, nayo iligawa kijitabu cha maadili chenye kurasa 64 mwaka 2000. Desemba 2001 ikafilisika. Ndiyo maana cheti cha semina ya siku moja hakinishawishi hata kidogo.

Tatizo la namna hii halionekani kwa jicho la fani moja. Mhasibu peke yake huona mauzo yanapanda, akafurahi. Anayejua takwimu atashangaa akaunti mpya zisizo na muamala hata mmoja. Aliyesoma saikolojia anajua hofu ya kufukuzwa humfanya nini mtu mwaminifu, na mwanasheria atauliza saini ya mteja iko wapi. Meneja lazima awe na kiasi cha kila kimoja, kwa sababu yeye ndiye anayepanga lengo. Na wanaodai sheria inataka faida tu wasome Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 143: mkurugenzi anatakiwa kuzingatia pia maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wateja na wasambazaji, jamii na mazingira.

Unayetaka kujua la kufanya, omba mtaala kabla hujalipa ada. Maadili yakiwa somo moja la hiari mwaka wa mwisho, tafuta kwingine. Yakijitokeza ndani ya uhasibu, masoko na usimamizi wa watumishi, jiandikishe. Kozi za hiari chukua sheria ya kazi, takwimu na saikolojia. Chuo chako hakina? Soma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) wa Tanzania, zinatolewa hadharani kila mwaka, na kwa kila hoja ya ukaguzi ujiulize nani alinufaika na nani aliogopa kusema. Ukienda fildi, usikubali kumaliza wiki zote kwenye mashine ya fotokopi: omba uonyeshwe malengo ya mauzo yanavyopangwa, nani anayapanga, na asiyeyafikia hufanywa nini.