Kuchagua Kabureta Ifaayo Motokaa ya Barabarani

Kiamaiko, kando ya Huruma katika upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, yajulikana zaidi kwa mbuzi na nyama kuliko kwa mambo ya mitambo. Lakini penye biashara hapakosi motokaa, na penye motokaa nzee hapakosi kijana anayetamani kuiongezea mbio. Motokaa mpya za siku hizi hazina kabureta tena. Petroli yao hupulizwa injini kwa vyombo vinavyoongozwa na umeme. Maneno haya basi yawahusu wenye Datsun 1200, Peugeot 504 na nyingine za umri huo, na mafundi wa Kariobangi na wa barabara ya Kirinyaga, iliyoitwa zamani Grogan, wanaozitengeneza.

Mfano ni huu. Kijana amerithi kwa baba yake pikapu ya Datsun 1200 iliyokuwa ikichukua nyama. Ameweka akiba miezi mingi, naye aenda kutafuta kabureta. Muuzaji amwonyesha mbili: moja ndogo kama ile ya asili, na moja kubwa yenye koo pana, iliyotoka katika injini kubwa. Vijana walio wengi watachukua ile kubwa, kwa kudhani ya kuwa petroli nyingi ni nguvu nyingi. Sivyo hata kidogo.

Kabureta haitoi nguvu. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo. Kilo 1 ya petroli yahitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iteketee sawasawa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli yahitaji hewa ya lita 9,000 hivi. Hewa huvutwa na pistoni, na ipitapo katika koo jembamba la kabureta huenda kwa kasi na msukumo wake hupungua, ndipo petroli inapofyonzwa kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Kila mtu aliyepata kutumia bomba la mkono la kunyunyizia dawa ya mbu amekwisha kuliona jambo hili: hewa ikipita kwa nguvu juu ya kijibomba, dawa hupanda yenyewe; hewa ikipita polepole, haipandi.

Hapo ndipo lilipo kosa la koo pana. Injini ndogo haiwezi kuipitisha hewa kwa kasi katika njia kubwa. Dereva amevuka tuta katika barabara ya Juja, akanyaga mafuta ghafula, hewa yaingia kwa uvivu, petroli yachelewa, injini yakohoa na kuzima, na matatu zilizo nyuma zaanza kupiga honi. Fundi naye hutia jeti kubwa zaidi ili kuponya kikohozi hicho, na tangu siku hiyo faida ya nyama huishia katika tangi.

Hesabu yake si ngumu. Injini ya namna hii huvuta hewa ya ujazo wake mara moja katika kila mizunguko miwili. Basi injini ya lita 1.2 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika ingevuta lita 3,000 za hewa. Na kwa kuwa silinda hazijai kabisa, hesabu asilimia 80, yaani lita 2,400. Katika Marekani, ambako vijana walianza zamani kuzigeuza motokaa nzee kuwa za mbio, kabureta itumiwayo sana hupitisha futi za ujazo 600 kwa dakika, ambazo ni lita 17,000 hivi. Lakini injini zao zina silinda nane na ujazo wa lita 5 au zaidi, na hata huko wengi hujuta kwa kununua kubwa mno.

Wengine hujibu ya kwamba Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya sentimita 1,600 yenye kabureta mbili. Ni kweli. Lakini injini ya mashindano hutengenezwa yote, vali na kamshafti na bomba la moshi, na dereva wake huizungusha kwa kasi kutwa. Pikapu ya mjini yasimama na kuondoka, yasimama na kuondoka.

Kwa mwendo huo ifaayo zaidi ni kabureta ya koo mbili zisizofunguka pamoja: koo la kwanza hutumika katika mwendo wa kawaida, na la pili hufunguka dereva akanyagapo sana. Ile ya asili ya Datsun 1200 ni ya namna hiyo. Kwa injini za lita 1.6 mpaka 2, wengi hupenda Weber 32/36, ambayo namba zake ni upana wa milango yake miwili kwa milimita.

Tena Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli ya kuzidi hapa, kwa asilimia 8 hivi. Dalili yake ni plagi zenye masizi meusi. Jeti za Weber na Solex huandikwa namba ya sehemu za mia za milimita: 130 ni tundu la milimita 1.30. Mwenye jeti ya 130 iliyofaa pwani ajaribu 125, kisha azitazame plagi. Rangi ya hudhurungi hafifu ndiyo itakiwayo. Jeti ni kitu cha bei ndogo, na mara nyingi ndiyo dawa iliyokuwa ikitafutwa kwa bei ya kabureta nzima.

Anunuaye kabureta iliyotumika akitikise kijiti cha mlango wa hewa. Kikicheza sana, hewa itapenya pembeni, na hakuna kurekebisha kutakakofaa. Wala asimruhusu mtu kuzibua jeti kwa waya, kwani waya hulipanua tundu na namba iliyoandikwa huwa uongo. Ipulizwe kwa hewa tu.

Jeti iliyotolewa isitupwe. Ifungwe katika kitambaa na kuwekwa motokaani, kwa kuwa siku pikapu itakaposhuka Mombasa na mzigo, ile 125 itatoa petroli haba kwa hewa nzito ya pwani, plagi zitakuwa nyeupe, na vali zaweza kuungua.