Unataka Kusomea Mazingira Chuo? Soma Hii Kabla Ujaze Hiyo Fomu

Matokeo ya KCSE yakishatoka, kila mtu kwa nyumba anakuwa mshauri. Mathe anataka daktari, anko anataka injinia. Wewe ukisema unataka mazingira, unaulizwa, "Kwani unaenda chuo kufunzwa kupanda miti?"

Usipanic. Kozi hii si ya miti pekee. Lakini ukiichagua kiholela, unaweza kumaliza miaka minne na bado hujui utaandikwa kama nani.

Majina yanafanana, kozi hazifanani

Kwa orodha ya kozi utaona Environmental Science, Environmental Studies na Environmental Planning and Management. Usidhani ni kitu kimoja. Ya kwanza ni sayansi kabisa: kemia, bayolojia, maabara, kupima maji na hewa. Kama kemia ilikutoa jasho sekondari, jipange vizuri. Ya pili inaegemea watu: jamii, sera, na vile maisha yetu yanaharibu au kulinda mazingira. Ya tatu ni ya mipango: ardhi, ramani, miji na taka zake.

Kozi za mazingira ziko Kenyatta, Egerton kule Njoro, Eldoret, Karatina na vyuo vingine. Kuingia digrii unahitaji angalau C+, halafu kila kozi ina masomo yake inayotaka. Angalia hayo kwanza, si jina la chuo.

Kazi zenyewe ziko wapi?

Sheria ya mazingira ya 1999 ndiyo ilileta NEMA. Kwa sheria hiyo, msee akitaka kujenga kiwanda au kituo cha mafuta, lazima athari za huo mradi kwa mazingira zichunguzwe kwanza. Ripoti hiyo haiandikwi na mtu yeyote tu. Inaandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa na kupewa leseni na NEMA.

Na hapa ndipo wengi hukwama: digrii peke yake si leseni. Unahitaji pia mafunzo ya hiyo kazi ya tathmini, na experience kabla ya kuongoza mradi mwenyewe. Kwa hivyo ukigraduate, tafuta kampuni ya hao wataalamu uanzie chini.

Mlango wa pili ni kaunti. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kudhibiti kelele na uchafuzi wa hewa. Kaunti ni 47, na zote zina taka. Nairobi pia ndiyo makao makuu ya UNEP, pale Gigiri, lakini usiifanye plan yako ya kwanza. Ushindani huko ni wa dunia nzima.

Si lazima uanze na mazingira

Wangari Maathai, aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya Amani 2004, hakuanza na digrii ya mazingira. Alisomea bayolojia, akapata PhD Chuo Kikuu cha Nairobi 1971, na 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Kwa hivyo ukikosa hii kozi, jiografia, bayolojia au hata sheria bado inaweza kukufikisha huko, halafu masters ya mazingira ifuate.

Maswali ya kuuliza kabla hujaamua

Piga simu idarani, ama utafute mwanafunzi wa mwaka wa nne, umuulize: Je, kozi ina somo la tathmini ya athari kwa mazingira? Mnafunzwa ramani za kompyuta, yaani GIS? Attachment ni ya muda gani, na nani huitafuta, chuo ama wewe? Waliomaliza mwaka jana wako wapi saa hii?

Wakikujibu vizuri, jaza fomu bila wasiwasi. Wakianza kuzunguka zunguka, angalia chuo kingine. Karo ni yenu, na hiyo miaka minne hairudishwi.