Fedha iende kwenye ndoana

Anayetaka kujifungia chambo cha manyoya hapa kisiwani Mombasa hukuta vitabu na maelekezo yameandikwa kwa ajili ya mito ya baridi. Kenya iliupokea ufundi huu kwa njia hiyo: Ewart Grogan alileta trauti katika mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905, ili walowezi wapate uvuvi waliouzoea kwao. Kule mlimani chambo mara nyingi hutakiwa kielee kama mdudu, na kinachokifanya kielee ni manyoya magumu ya shingo ya jogoo aliyezalishwa mahsusi kwa kazi hiyo. Ndiyo yanayopandisha bei. Lakini kolekole au mzia wa mkondo wa Tudor hasubiri mdudu juu ya maji. Anakimbiza samaki wadogo kama simu na dagaa. Kitu ghali kuliko vyote katika maelekezo yale, basi, hakituhusu. Vilivyobaki mtu wa Kibokoni anaweza kuvipata kwa miguu yake, ilimradi achague kila kitu kwa namna kinavyofanya ndani ya maji, asifuate jina kilichoandikiwa.

Tuanze na uzito. Sentimita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina takriban gramu 1.03. Nyuzi za gunia la plastiki la mchele ni 0.9, kwa hiyo huelea. Uzi wa nailoni ni 1.14, na wa poliesta, ule wa cherehani, ni 1.38, hivyo huzama. Hapo fundi tayari ana uchaguzi wa kina anachotaka kuvulia, na yote yametoka Biashara Street na kwenye mabaki ya duka la nafaka. Mng'ao nao uko karibu vilevile. Nyuzi za kumetameta zinazouzwa katika pakiti za wavuvi ni utando mwembamba wa poliesta uliopakwa alumini, na zari nyingi za siku hizi, zile za kudarizia mabuibui na nguo za harusi, hutokana na utando wa aina hiyohiyo. Vipande ambavyo fundi wa kudarizi huvifagia jioni vinatosha vyambo kadhaa, kwani kila kimoja kinahitaji nyuzi chache tu. Zikizidi, samaki mdogo unayemuiga anageuka pambo.

Wapo watakaosema kwamba kitu cha badala hakiwezi kufanya kazi ya kitu asilia. Wana hoja. Chambo maarufu cha Bob Clouser wa Pennsylvania, kilichobuniwa mwaka 1987, hutumia nywele za mkia wa kulungu wa Marekani, ambazo hazilali ovyo zikivutwa. Nywele za mbuzi ni laini zaidi, na anayezifunga kwa wingi uleule atapata fundo lililolowa. Zikifungwa chache, juu ya nyuzi tano sita za gunia zinazozishikilia shinani, hujikunja mshipi ukivutwa na kufunguka ukilegea, na mwendo huo ndio unaomfanya samaki afuate. Rangi haina taabu: manyoya na nywele hushika rangi ya biriani ikichemshwa na siki, jambo ambalo poliesta hukataa. Kwa manyoya ya kuku, muulize muuzaji wa jogoo wa kienyeji aliyekomaa, kwa sababu kuku wa nyama huchinjwa akiwa na wiki sita hivi, kabla hajaota manyoya marefu ya shingo. Yaoshwe kwa sabuni na kukaushwa kivulini. Unyevu wa Mombasa na wadudu havimsubiri mvivu.

Urahisi una mipaka yake, na miwili haina mjadala. Manyoya na nywele za wanyama pori tuviache, hata vikiokotwa: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaadhibu vikali anayemiliki nyara bila kibali. Risasi nayo ni rahisi na nzito, lakini kuiyeyusha jikoni kwa ajili ya macho mazito ya kuzamishia chambo ni kuwawekea watoto sumu. Mji huu unajua gharama yake. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya sumu ya risasi. Badala yake upo waya wa shaba wa mota mbovu, wenye gramu 8.9 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.3 za risasi. Ongeza mizunguko michache, basi.

Fedha iliyookolewa kwenye manyoya iende kwenye ndoana, kwa kuwa hapo hakuna cha badala. Ndoana dhaifu ikinyooka mdomoni mwa kolekole, ufundi wote umekwenda naye. Ichome ncha kwenye ubao, uivute kwa koleo: inayofunguka kwa mkono haifai. Wengine hupinga chuma kisichoshika kutu, kwamba samaki aliyekata mshipi atabaki nacho muda mrefu. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni chuma cha kaboni kilichopakwa bati, ambacho huvumilia chumvi msimu wa mvuvi lakini hatimaye huliwa. Tupa ya kunolea isiguse zaidi ya ncha yenyewe, maana kila palipokwaruzwa bati, kutu huanzia hapo, na chambo kioshwe kwa maji baridi siku ileile kinapotoka baharini.