Kibofu cha Mkojo: Mlinzi Asiyelala

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyekipa kila kiungo kazi yake.

Ndugu Waislamu, msafiri atokaye Robanda, wilayani Serengeti, kwenda Arusha kwa njia ya hifadhi hukiacha kijiji na punde huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Humo haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa, kwa kuchelea wanyama. Haja ndogo ikimbana, hana budi kustahimili. Ni kipi kimwezeshacho?

Figo huchuja damu usiku na mchana na kutoa mkojo wa takriban lita 1 hadi 2 kwa siku. Mkojo huo hushuka kidogo kidogo kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, nao ni mfuko wa misuli ulio chini ya tumbo. Mirija hupenya ukuta wa kibofu kwa mshazari, hivyo kibofu kinapojaa huibana, na mkojo haurudi figoni.

Kibofu hulegea na kutanuka. Mkojo ukikaribia mililita 200, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo. Mtu mzima aweza kubeba mililita 400 hadi 500 hivi. Mlangoni pana misuli miwili ya kufunga: wa ndani haungoji amri yetu, wa nje tunautawala. Ubongo ukitoa idhini, misuli hiyo hulegea, na ukuta wa kibofu hujikaza na kuusukuma mkojo nje.

Mtoto mchanga hana utawala huo. Huupata taratibu, wengi kati ya miaka 2 na 4, na usiku huchelewa zaidi. Basi mzazi amchapaye mtoto wa miaka 5 kwa kukojoa kitandani humwadhibu kwa jambo asilolikusudia. Tuwahurumie wanetu.

Nasi watu wazima, kustahimili mara moja safarini hakumdhuru mwenye afya. Kuzoea kuzuia ndiko kunakokidhoofisha kibofu na kukaribisha maambukizi. Aonaye damu katika mkojo, au aliyezuilika kabisa kukojoa, aende hospitali bila kuchelewa.

Sheria yetu imelizingatia hili: Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuswali huku akishindana na haja. Tuanze kwa haja, kisha udhu, ndipo tusimame mbele ya Mola wetu kwa utulivu.

Wabillahi tawfiq.