Jiwe Halifadhaiki

Watoto, leo hakuna sungura wala fisi. Leo nawasimulia maisha ya kitenzi. Msicheke. Vitenzi navyo huzaliwa, huhama, hubadili tabia, na vingine huzeeka hadi vikabaki vitabuni, vikitolewa siku moja moja kama koti la babu.

Kitenzi chenyewe ni cha Kiingereza: discomfit. Ninyi mnaosoma Kiingereza hapa Goma mtakutana nacho siku moja katika kitabu cha zamani, na kamusi huenda ikawachanganya zaidi, kwa kuwa itawapa maana mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni kumshinda adui vitani. Ya pili ni kumfanya mtu akose utulivu, asijue auweke wapi uso wake. Vita na aibu vimekutana wapi?

Kilizaliwa vitani. Wafaransa wa kale walikuwa na kitenzi desconfire, yaani kulipiga jeshi hadi likasambaratika. Kikavuka bahari kwenda Uingereza kikiwa bado na upanga mkononi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile iliyotafsiriwa kwa amri ya mfalme James, Yoshua anapowashinda Waamaleki, kitenzi kilichotumika ni hicho hicho. Halafu, taratibu, upanga ukadondoka. Waingereza walikuwa na neno jingine lenye sauti inayokaribiana, discomfort, la kukosa raha, na midomo ya watu ikayachanganya hayo mawili. Ukikisoma leo hakuna maiti. Kuna mtu ameulizwa swali mezani mbele ya wageni, uso umembadilika, ameshika kikombe na hajui anywe au akiweke chini.

Ndugu yake wa Kifaransa bado yuko hai. Mwalimu akiandika déconfit ubaoni, anazungumzia mtu aliyenyong'onyea baada ya jambo lake kuharibika. Naye anatoka kwenye vita vile vile vya zamani, ila amevua kofia ya askari.

Sasa, Kiswahili chake ni kipi? Usikimbilie kusumbua. Wala usiniletee lile "usinideranje" la uani. Hilo linamfaa mdogo wako anayekuvuta shati wakati unasoma. Mimi ningechagua kufadhaisha. Nalo ni neno lenye umri. Mnalisikia zaidi kanisani kuliko sokoni: sura ya 14 ya Injili ya Yohana inaanza kwa Yesu kuwaambia wanafunzi wake wasifadhaike. Hawakuwa wamepigwa na mtu usiku ule. Walikuwa wameambiwa kwamba kiongozi wao anaondoka, na kila walichokijua kikayumba vichwani mwao.

Angalieni jinsi neno lenyewe linavyokaa. Fadhaa ni ile hali. Kufadhaika ni kuingiwa nayo. Kufadhaisha ni kumtia mwingine ndani yake, kwa hiyo lazima awepo wa kutiwa. Kushtua ni kwa ghafla na huisha upesi: mlango umebamizwa, umeruka, umecheka. Kutisha kunamwonyesha mtu hatari, na mwenye hofu angalau anajua anakimbia nini. Aliyefadhaika hajui akimbie au akae, aseme au anyamaze. Ndiyo maana jiwe halifadhaiki. Ardhi hutikisika, ukuta hupasuka, ziwa huchafuka. Kufadhaika ni kwa mwenye moyo, tena moyo uliokuwa umetulia kwanza.

Kwa mji wetu mfano hautafutwi mbali. Mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, uliwahi kumwaga moto mwaka 1977, ukarudia Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Lakini nataka niwaambie habari za 2021, ambazo wakubwa kidogo kati yenu wanazikumbuka. Jumamosi ya tarehe 22 Mei, jioni, mbingu juu ya mlima ikawa nyekundu. Hapo watu walishtuka. Lava ikateremka kuja mjini, na hapo watu waliogopa, wakashika barabara na magodoro vichwani, wengi kuelekea mpakani mwa Rwanda. Ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Zaidi ya watu 30 walikufa na nyumba kwa maelfu ziliteketea.

Asubuhi moto ulikuwa umesimama, na watu wakaanza kurudi. Fadhaa ilianza hapo, si usiku ule. Ardhi ikawa inatetemeka mchana na usiku, siku baada ya siku. Nyufa zikaonekana barabarani. Mama anaweka sufuria ya maharage jikoni, kifuniko kinalia chenyewe. Unalala ndani au nje? Unafungua duka au unafunga? Wataalamu walihofu kwamba magma imeingia chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, ambalo vilindi vyake vimebeba methani na kabonidioksidi nyingi iliyoyeyuka majini. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iondoke. Mamia ya maelfu wakatoka, wengine Sake, wengine upande wa Rutshuru, wengine kwa mashua kwenda Bukavu. Mlipuko wa pili haukutokea. Kwa hiyo mwandishi wa siku zile angehitaji vitenzi vitatu, na angekosea kama angetumia kimoja tu kwa siku zote.

Ila kitenzi hiki cha kufadhaisha hakihitaji volkano. Kinafanya kazi nzuri zaidi kwenye mambo madogo. Tuseme kuna kijana ameteremka kutoka Kibumba na chukudu lake la mbao la kubebea mizigo, mashu, yaani kabichi, yamepangwa juu hadi shingoni. Amefika soko la Virunga mapema, amefurahi, bei ameipanga tangu njiani.

Anakuja mama mmoja wa kitenge. Hasalimii, haulizi bei, hagusi hata shu moja. Ananyoosha kidole na kuhesabu. Akimaliza anahesabu tena. Anamtazama kijana, anatazama mashu. "Ahsante, mtoto." Anaondoka.

Hakutukana. Hakutisha. Hakusema mashu yameoza. Lakini kijana sasa anayageuza moja moja akitafuta kidonda. Anakagua shati lake. Anajiuliza kama kuna mtu mtaani aliyeibiwa mashu usiku. Mteja wa pili anapouliza bei, kijana anataja nusu ya ile aliyopanga, na mteja, ambaye si mjinga, anachukua kumi. Kabla ya saa sita chukudu tupu, mfuko nao karibu mtupu.

Andikeni sentensi hii daftarini: Mama alimfadhaisha kijana. Ni sahihi kabisa, ingawa mama mwenyewe hakujua. Kitenzi hiki hakidai nia mbaya kwa mtendaji. Ndiyo maana wanaoandika kwa ustadi hupenda kukigeuza: Kijana alifadhaishwa. Hapo macho ya msomaji yanabaki kwa yule ambaye moyo wake umevurugika.

Saa saba yule mama akarudi, nyuma yake wasichana wanne wenye mabeseni.

"Mashu yangu iko wapi?"

"Mama, si ulishaenda?"

"Nilienda kutafuta wabebaji! Kuna arusi kesho Majengo. Nimehesabu mara mbili nijue niite wangapi, na wote nimeshawalipa."

Haya, niambieni: sasa hivi pale sokoni, nani amefadhaika, na nani amemfadhaisha?