Wiki na Blogu katika Ufundishaji wa Lugha Chuoni

Wiki tunayoizungumzia hapa si juma la siku saba. Neno hili asili yake ni Kihawaii, maana yake "haraka", na Ward Cunningham alilitumia mwaka 1995 kuipa jina programu yake iliyowawezesha watu wengi kuandika na kusahihisha ukurasa mmoja. Blogu ni daftari la mwandishi mmoja, kila habari na tarehe yake. Wako walimu wanaozichanganya, na ndipo somo linapoharibika.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliwaita wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania washindanie zawadi kwa kuandika makala humo. Makala yaliongezeka kwa mamia. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa waandishi hawakuonekana tena. Sioni ajabu, maana shindano si somo.

Faida ya wiki kwa mwanafunzi wa lugha imo katika historia ya ukurasa, ambamo kila badiliko huhifadhiwa pamoja na saa yake na jina alilolitumia mwandishi. Tuchukue makala juu ya Ziwa Babati. Mmoja ataandika "samaki wa maji baridi". Wa pili atafuta na kuweka "maji matamu". Wa tatu atauliza kama maji ya Bonde la Ufa ni baridi kweli. Maneno yote mawili yamo katika matumizi, na kila mmoja hana budi kuleta ushahidi wa kamusi au wa wasemaji. Mabishano hayo ndiyo yanayostahili kupewa alama, kuliko urefu wa makala.

Lakini Wikipedia hudai kila jambo liwe limekwisha kuchapishwa mahali pengine. Hapa Babati, Kiswahili kinakutana na Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi na Kimbugwe, na mengi ya kueleza majina ya mahali, mimea na samaki yamo vinywani mwa wazee tu. Mwanafunzi akiyaandika katika Wikipedia yatafutwa, na kwa haki. Mahali pake ni blogu, ambapo atataja nani alisema, wapi, na lini.

Hapo sheria nayo huingia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu nchini Tanzania awe na leseni na alipe ada, na wako walioziacha blogu zao. Kanuni hizo zilifuatwa na nyingine mwaka 2020. Mwalimu na azisome zilizopo kabla ya kutoa zoezi. Njia iliyo salama ni kuliweka daftari ndani ya mtandao wa chuo, wasikoingia watu wa nje. Ila mzee wa Kigorowa aliyelitoa neno ni mtu wa nje pia. Hataweza kulisoma lilivyoandikwa, wala kulisahihisha.